Mwalimu Badi na Kiunzi cha Seli

Mwalimu Badi Stambuli wa Mambrui alikuwa mtu mwema, na hilo tuliseme mapema, kwa sababu yatakayofuata hayatalionyesha sana. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na hakuwahi kumchapa mwanafunzi bila kwanza kumweleza ni msuli gani utakaouma. Alifundisha biolojia katika shule moja ya upili upande wa Malindi. Kila asubuhi alipanda baiskeli yake, shati jeupe limepigwa pasi na mkewe Kaltuma, kalamu mfukoni, na usoni ana ile hali ya mtu anayejua jambo ambalo nyinyi wengine hamlijui.

Kwa miaka mingi jambo lenyewe lilikuwa dogo. Aliwafundisha watoto wa watu kwamba mwili umejengwa kwa seli, chembe hai zisizoonekana kwa macho, na kwamba kila seli ni kifuko cha uteute ambamo kiini kinaelea kama pande la nyama kwenye mchuzi. Ndivyo kilivyosema kitabu, na Badi alikuwa mtu wa kitabu. Kisha, likizo ya Aprili mwaka wa themanini na sita, akapelekwa Nairobi kwa mafunzo ya walimu wa sayansi. Huko mhadhiri mmoja alizima taa za ukumbi akawaonyesha picha za seli zilizotiwa rangi ing'aayo, na Badi akaona kwamba ndani hamkuwa na uteute mtupu. Mlikuwa na nyuzi, maelfu ya nyuzi, zimetandaa na kupishana kutoka kwenye kiini hadi ukingoni. Alirudi Mambrui akiwa amekasirika kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Jamani, tumedanganywa miaka yote hii," alisema barazani baada ya sala ya alasiri.

Watu wakashusha vikombe wakatazama nyuma yao. Tangu ile asubuhi ya Agosti ya themanini na mbili, redio iliposema serikali imepinduliwa na jioni ikasema haijapinduliwa, maneno kama hayo hayakuwa ya kusemwa barazani. Alipoendelea na ikabainika kwamba analalamikia seli, walishusha pumzi wakarudia kahawa yao.

Badi hakujali. Aliwaeleza kwamba seli ina kiunzi, na kiunzi hicho ni cha nyuzi za aina tatu. Kuna mirija, iliyo minene kuliko nyuzi nyingine na mitupu ndani, inayoanzia karibu na kiini na kutawanyika hadi pembeni. Hiyo ndiyo njia za seli, na juu yake hupita protini zilizobeba mizigo kama mahamali. Kuna nyuzi nyembamba kabisa, zilizojazana chini ya utando wa nje, ambazo huipa seli umbo na kuiwezesha kutambaa. Na kuna nyuzi za wastani, zilizosokotwa mfano wa kamba ya makumbi ya nazi, ambazo kazi yake ni kuvumilia kuvutwa ili ngozi ya mtu isichanike ovyo. Tena, alisema, kiunzi hiki si kama mfupa wa ng'ombe unaokaa vilevile. Seli hukibomoa na kukijenga upya kutwa kucha. Ikitaka kwenda mbele hujenga upande wa mbele, nyuma ikabomoa. Ikitaka kugawanyika huivunjavunja mirija yake, ikaipanga upya ili ivute kromosomu huku na huku.

Mzee mmoja aliuliza kama kuyajua hayo kunaponya baridi yabisi. Badi akasema bado.

"Basi kutakapoponya utatwambia," mzee akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya papa.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyohivyo. Badi aliishi katika nyumba ya mamake, Bi Shekha, mwanamke mwenye mguu mbovu na ulimi mzima. Kaltuma, mzaliwa wa Takaungu, aliletwa humo siku ya harusi yake, na humo akamzaa binti yao Tumu. Jiko lilikuwa la Bi Shekha. Ufunguo wa kabati la vyombo ulikuwa kiunoni mwa Bi Shekha. Chumvi ikitiwa chunguni, ilitiwa kwa kipimo cha Bi Shekha. Kaltuma hakuwa mtu wa kelele, lakini kila mwaka alimkumbusha mumewe kwamba kuna kiwanja cha marehemu baba yake Badi, kule mwisho wa mji, kimekaa bure, na kwamba angetosheka na chumba kimoja na jiko lake mwenyewe. Badi alimjibu kwa upole kwamba mchanga wa kule ni laini, haushiki nguzo. Au alimwambia wangoje mitihani ipite. Alijibu kwa upole kila mara, na kwa upole huohuo akasahau.

Ndipo yakatangazwa maonyesho ya sayansi ya mkoa, safari hii yakiwa na kitengo cha walimu. Badi hakulala vizuri kwa furaha. Angewaonyesha kiunzi cha seli, na si kwa mchoro wa ubaoni, la. Angekijenga kikubwa, mtu aingie ndani, ashike mirija kwa mkono wake, akitoka asiseme tena habari za uteute. Waamuzi walikubali kuja kukitazama hukohuko Mambrui kwa kuwa hakingeweza kubebwa. Kilichobaki ni mahali, na mahali palikuwepo: kiwanja cha marehemu babake. Mchanga ukashika nguzo bila taabu yoyote.

Kazi alipewa fundi Karisa, mtu wa Tezo aliyekuwa amehamia Mambrui kwa ujenzi, na ambaye nusu ya nyumba za udongo za mji ule zilipita mikononi mwake.

"Nataka kiunzi," Badi alimwambia. "Kiwe cha mviringo, nguzo zitoke katikati zielekee pembeni, na fito zipishane kote. Kuta sitaki."

"Kuta zitakuja baadaye," Karisa alisema.

"Hazitakuja."

"Sawa, Mwalimu. Huwa zinakuja."

"Tena ingefaa nguzo ziwe tupu ndani."

Karisa alizitazama boriti zake, akamtazama Mwalimu, akaona hilo si la kujibiwa. "Na mlango tuuweke wapi?"

"Seli haina mlango."

"Na wewe utaingilia wapi?"

Badi hakuwa amelifikiria hilo. Mlango ukawekwa, ukaipa barabara kisogo, kama inavyostahili nyumba itakayokaa mwanamke. Ule mviringo ambao Badi aliuchora mchangani kwa kijiti ulipata pembe nne chini ya mikono ya Karisa, maana mikono ile ilikuwa na mazoea yake. Fito zilifungwa kwa kamba ya makumbi, mtungi mkubwa wa maji ukaning'inizwa katikati kuwa kiini, na Badi akawa anazunguka nje na ndani akichekacheka peke yake.

"Mungu akujalie, Mwalimu," Karisa alimwambia walipokuwa wakinywa maji. "Si jambo jepesi kwa mtu wa umri wako."

"Ni kujikaza tu."

"Na nyumbani wanajua?"

"Sijawaambia. Nataka waje waone wenyewe kitakapokamilika."

Karisa akatikisa kichwa kwa heshima. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe.

Sasa, Mambrui kuna mambo ambayo hayahitaji kuulizwa. Mwanamume mwenye pa kulala akionekana anasimamisha boriti na fito mahali pengine, mlango umetazama uani, naye ana furaha isiyo na sababu, basi anaoa mke wa pili. Lililobaki lilikuwa ni nani. Wengine walisema ni mwalimu mwenzake wa kutoka bara. Wengine walimjua kwa hakika kuwa ni mjane wa Ngomeni, tena mweupe, na kwamba posa ilishapokewa. Wanawake wa mtaa wakaanza kuja kukaa na Kaltuma nyakati za alasiri, nyuso zimekunjamana, kila mmoja na sahani ya mahamri, kama wanavyokwenda kwenye msiba. Badi alirudi kutoka shuleni akawakuta sebuleni, akadhani wamekuja kutazama mguu wa mamake, akawaamkia vizuri na kula mahamri mawili.

Bi Shekha naye alikuwa na huzuni yake. "Mwanamume ni mwanamume," aliwaambia wageni. "Ila mimi mamake angeniachia nimchagulie. Wa kwanza nilimchagulia mimi, na hamjanisikia nikilalamika." Wageni walikuwa wamemsikia kila siku.

Kaltuma alivumilia mpaka akachoka kuvumilia. Asubuhi moja, Badi akinywa kahawa, akamkalia mbele.

"Baba Tumu, ile nyumba kiwanjani ni ya nani?"

Badi aliiweka chini kahawa yake. Tangu amwoe, mkewe hakuwahi kumwuliza habari ya kazi yake, na leo amemwuliza. Akamweleza. Alianza na kitabu kilivyokosea, akaja kwenye mirija na mizigo inavyopita juu yake, akamwonyesha kwa mikono miwili jinsi seli inavyotambaa, akafika kwenye nyuzi za wastani na ngozi isiyochanika. Kahawa ikapoa. Kaltuma alikuwa anangoja jina la mwanamke. Alingoja mpaka mwisho, na alipoona halikutajwa, akakata shauri kwamba mtu anayeweza kusema maneno mengi kiasi kile bila kujibu swali, basi ana jambo zito la kuficha. Badi alipotoka kwenda kazini, Kaltuma alifunga sanduku lake la harusi, akamshika Tumu mkono, akapanda basi la kwenda kwao.

Mwanamke akiondoka na kikapu, amekwenda kutembea. Akiondoka na sanduku la harusi, ameondoka. Badi alirudi akakuta chumba kitupu na mamake amekaa mlangoni.

"Ulidhani hizo seli zako zitakuficha?" Bi Shekha alimwambia. "Mji mzima unajua unaoa."

Akamweleza yote, na Badi akacheka. Si kwamba hakuumia. Alicheka kwa sababu kosa lilikuwa la wengine, na kosa la wengine lilikuwa kazi yake kulisahihisha. Kesho yake alikuwa Takaungu, kwa shemeji yake Awadh, nduguye Kaltuma, akiwa na picha ya seli aliyoikunja vizuri ndani ya gazeti.

Aliapa kwa jina la Mungu kwamba hakuna mwanamke, si wa bara wala wa Ngomeni. Akaifungua picha. Akaeleza upya, kwa ufupi kidogo. Awadh alimtazama yeye, akaitazama picha, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi.

"Kaltuma!" aliita. "Njoo, dadangu, umeharibu usingizi wako bure. Mumeo hana mke. Mumeo ana fito tu!"

Kaltuma alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia kila neno.

"Hakuna mwanamke?" aliuliza.

"Wallahi hakuna, Mama Tumu."

"Nyumba ni ya ile chembe."

"Ni ya chembe."

"Isiyoonekana kwa macho."

"Kwa darubini inaonekana," Badi alisema, maana hakuweza kujizuia.

Kaltuma alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha kamba. Hakupaza sauti. "Mimi nimelia siku zote hizi nikidhani nimeletewa mke mwenzangu. Nikajisemea, haya, mke mwenza ni mtu. Analala, anapika, ana aibu zake, lazima awe na pa kukaa. Hilo naweza kulielewa hata kama linaniuma. Miaka tisa nakuomba chumba kimoja na jiko, Baba Tumu. Ukaniambia mchanga haushiki nguzo. Leo nguzo zimesimama, fito zimefungwa, mlango umewekwa. Na ndani hamna mtu. Hukunijengea mimi, na wala hukumjengea mwingine. Hukuwa unanikataa. Ulikuwa hunikumbuki."

Awadh aliacha kucheka. Chai iliyokuwa imeagizwa kwa furaha ikaletwa, ikakaa hapo hadi ikapata utando juu.

"Nitarudi Mambrui siku nyumba ile itakapokuwa na ukuta na paa na jiko," Kaltuma alisema.

"Waamuzi wanakuja mwisho wa mwezi huu. Wakishaondoka tu, naapa, naanza."

"Wakishaondoka kutakuwa na mitihani."

Badi akakumbuka kwamba kweli kutakuwa na mitihani, akaikunja picha yake akairudisha ndani ya gazeti.

Alirudi peke yake. Jioni aliingia ndani ya kiunzi chake akakaa mchangani chini ya ule mtungi, na kwa mara ya kwanza hakikumfurahisha. Aliona haya. Alimpenda mkewe, wala hakuwahi kulitilia shaka jambo hilo, na labda ndiyo sababu hakuwahi kulifanyia kazi. Alikuwa amewaeleza watu wa barazani, na walimu wenzake, na watoto wa watu, kwamba seli hujenga pale penye haja na kubomoa pasipo na haja, tena kila siku, bila kungoja likizo. Alilijua vizuri kabisa. Aliweza hata kulichora.

Msidhani, hata hivyo, kwamba palepale aliitupa tamaa yake. Mwalimu hatupi maonyesho kirahisi hivyo. Kwanza alimwuliza Karisa kama haiwezekani kukandika upande mmoja tu, ule wa pili ukabaki wazi kwa ajili ya waamuzi.

"Inawezekana," Karisa alisema. "Mke atalala upande gani?"

Basi Badi akatafuta njia nyingine, akaipata. Aliwatangazia watu kwamba seli isiyo na utando wa nje si seli kamili, na kwamba, kwa kuzingatia sayansi, udongo ndio utando. Hakuna aliyemwamini, lakini ilimsaidia kunyanyua jembe. Wale wanawake waliokuja na mahamri ya msiba walikuja safari hii na madebe ya maji. Udongo ukakandikwa ndani na nje, ukazifunika fito zote na kila fundo la makumbi. Makuti yakapanda juu. Mtungi ulishushwa ukawekwa pembeni penye kivuli, ukatiwa maji ya kunywa. Nyuma likajengwa jiko la mafiga matatu, na Bi Shekha, aliyeletwa kulikagua, alisema liko chini mno kwa mtu mwenye mguu mbovu. Aliambiwa kwa adabu kwamba hatapika humo.

Kaltuma alirudi na sanduku lake. Alipita mlangoni akaenda moja kwa moja kuwasha jiko, na Badi, ambaye alikuwa ametayarisha maneno, akamletea kuni.

Siku ya waamuzi alikuja mmoja tu, Inspekta Nahashon, mkaguzi wa shule, mtu wa Machakos, mnene, mwenye haraka, na mwenye kiu kwa sababu ya lile jua. Badi alimpitisha katikati ya mji mpaka kiwanjani.

"Sasa hiyo kitu ya seli iko wapi, Mwalimu?"

"Ni hii, Bwana Inspekta."

"Hii ni nyumba."

"Ndiyo. Kiunzi kimo ndani ya ukuta."

Nahashon aliugusa ukuta kwa kidole. Ulikuwa bado una unyevunyevu. "Na mimi nitakionaje?"

"Hata kwenye seli yenyewe hakionekani hivihivi," Badi alisema, akaanza habari ya mirija, akafika mpaka kwa mahamali, akaona uso wa mgeni, akaacha.

"Mwalimu, mimi siwezi kupatia ukuta alama," Nahashon alisema, na hakusema kwa ubaya. "Lakini kama kuna maji ya kunywa, nitashukuru."

Mtungi ulikuwa ndani. Badi alizunguka upande wa uani na mgeni wake nyuma, akaunyosha mkono kuusukuma mlango, kisha akaurudisha mkono. Mkewe alikuwemo, pengine kichwa wazi, na yeye amekuja na mwanamume wa watu.

"Hodi!" aliita.

Alingoja sauti ya mamake. Maisha yake yote hodi aliijua kuwa ni ya kuitikiwa na mamake.

"Karibuni!" Kaltuma alijibu kutoka ndani. "Subirini hapo nje kidogo, nitawaita."

Ilikuwa sauti kubwa, isiyo na haraka, ya mwenye nyumba. Badi hakuitambua mara moja. Miaka tisa ameoa, na hajapata kumsikia mkewe akiitikia hodi, kwa sababu hakuwahi kuwa na mlango wa kuitikia. Akageuza uso upande wa mnazi wa jirani ili mgeni asimwone.

Nahashon alipangusa jasho shingoni. "Si hii ni kwako, Mwalimu? Tuingie basi."

"Tumeambiwa tusubiri," Badi alisema, na wakasubiri.